Fundi Msasa na Vioo Kumi na Kimoja

Kioo cha kwanza kilivunjika Jumanne, saa tatu asubuhi, na Msasa akakibadilisha kabla chai yake haijapoa.

Kilikuwa kioo chembamba, urefu wa kidole cha kati, kimebandikwa kwa gundi juu ya ufa mdogo kwenye ukuta wa sebule ya dada yake. Kazi ya kioo hicho hapa duniani ilikuwa moja tu: kuvunjika. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kioo kinasema "ta!", kinakatika vipande viwili, na mtu mwenye akili zake anajua kwamba nyumba imeanza safari. Hayo ndiyo aliyofundishwa Msasa kwa siku mbili nzima, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, akapewa na cheti. Lakini alipokiona kimekatika, hakuona nyumba inayosafiri. Aliona uchafu ukutani. Akabandua vipande kwa ncha ya kisu, akaushindilia ufa uji wa chokaa na saruji nyeupe, akausugua ukakauka laini, akabandika kioo kipya, na juu yake akanakili tarehe ile ile ya zamani. Kwa unadhifu tu. Halafu akarudi kwenye chai.

"Umemaliza?" dada yake akauliza kutoka jikoni.

"Nimemaliza. Hata hapajulikani."

"Ndiyo maana nakupenda, mdogo wangu. Mwingine angeniachia donda hapo, wageni wakaja kulitolea macho."

Msasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, na jina hilo hakupewa na mama yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka sita. Dada, aliyekuwa na kumi na mitano, ndiye aliyemwogesha, aliyemchapa, aliyempeleka shule, na hatimaye ndiye aliyemtoa shule ilipodhihirika kwamba mtoto anazijua kuta za darasa kuliko kilichoandikwa ubaoni. Akamkabidhi kwa mjomba wao, fundi lipu mwenye mdomo mchafu kuliko ndoo yake. Kwa mjomba, Msasa alibeba maji miaka mitatu, akachanganya udongo miaka miwili, ndipo akapewa mwiko. Pamoja na mwiko akapewa falsafa nzima ya ukoo. "Nani," mjomba alikuwa akiuliza huku akitema mate pembeni, "nani amewahi kuingia sebuleni kwa mtu akasifia msingi?"



Alipotimiza miaka kumi na tisa, dada akaolewa, na shemeji akajenga nyumba katika mtaa huu. Lipu akapiga Msasa, peke yake, kazi yake ya kwanza bila mjomba. Alisugua ukuta wa sebule ile siku nne, mpaka shemeji, ambaye sasa ni marehemu, akasema nzi akitua hapo atateleza. Jina likamganda. Tangu siku hiyo, kila alipopita mtaani aliitwa Msasa, na kila alipoingia kwa dada yake alikuwa na tabia ya kupitisha kiganja ukutani, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa kwanza.

Basi hapo ndipo reli ilipotukuta.

Zamani wakubwa wakitaka kuchimba, walichimba. Siku hizi wanashirikisha. Tofauti ni kwamba siku hizi, kabla hujachimbwa, unapewa fulana. Mradi wa reli ya chini kwa chini ulifika mtaani ukiwa umetangulizwa na viti vya plastiki mia mbili, spika mbili, soda za baridi, na mwanamke mmoja mwenye tabasamu ambalo halikuwahi kuzimwa. Huyo alikuwa afisa wa ushirikishwaji wa jamii. Alikuwa na karatasi ndogo za njano zenye gundi, na kila mtu alipofungua mdomo aliandika neno na kulibandika kwenye ubao. Siku ya pili tu watu walikuwa wanamwita Bi Maoni.

Bi Maoni alieleza kwamba mwisho wa mtaa pangechimbwa shimo la stesheni, lenye kina cha ghorofa nane, na kwamba mtambo wa kuchimba njia ungekuja chini kwa chini kutoka ng'ambo ya mji, upite chini ya nyumba zetu polepole, utokee shimoni. "Hamtasikia chochote," alisema. Halafu akawapa wananchi heshima ya kuupa mtambo jina. Mradi ulikuja na mapendekezo yake: Tumaini, Nyota, Asubuhi Njema. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana na nyumba ya dada na ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alinyanyuka.

"Kitu kinachokuja chini ya nyumba yako bila kualikwa, kinatikisa vyombo, na huwezi kukifukuza," alisema, "mimi nakijua jina lake. Mama Mkwe!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Mkwe akashinda kwa kishindo. Mradi ulimeza mate, ukakubali, kwa sababu sauti ya jamii ni sauti ya jamii, na wiki iliyofuata mabati ya kuzungushia shimo yalikuwa yamechorwa katuni ya bibi mnene mwenye kofia ngumu, akichungulia kutoka chini ya ardhi. Chini yake palikuwa na maandishi ambayo namba yake ilibadilishwa kila asubuhi: MAMA MKWE YUKO MITA 920 KUTOKA KWAKO! JIANDAE KUMPOKEA!

Siku hiyo hiyo ya soda, Msasa alichaguliwa mwakilishi wa mtaa kwa kauli moja. Wakati huo alikuwa amekwenda chooni. Aliporudi alikuta makofi, akapunga mkono akidhani ni utani.

Mradi ukampa kazi mbili, kutoka vitengo viwili. Kitengo cha Vipimo kilimpa sanduku la vioo mia mbili na fomu. Abandike vioo kwenye nyufa za nyumba zote kumi na nne za safu yetu, na kila Alhamisi ajaze kwenye fomu, mbele ya kila nyumba: kioo kizima, ndiyo au hapana. Kitengo cha Ujirani Mwema kilimpa mifuko ya chokaa na saruji nyeupe. Kila Jumanne azibe nyufa zinazoleta hofu, ili wananchi wasibabaike. Vitengo hivyo vilikuwa kwenye korido moja, mlango ukitazamana na mlango, na havikuwahi kuamkiana. Hivyo Msasa alikuwa anaziba Jumanne na kupima Alhamisi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi safi, kioo kilichokatika katikati ya wiki alikibandua Jumanne pamoja na uchafu mwingine, ili Alhamisi akute ukuta unaotazamika.

Hakuandika uongo hata siku moja. Fomu iliuliza kama kioo ni kizima. Wakati anaandika, kioo kilikuwa kizima.

Mtu mwingine angeshtuka. Lakini daktari wa ngozi akimwona mgonjwa wa moyo, ataanza kwa kumtazama vipele, na Msasa alikuwa daktari wa ngozi za nyumba kwa miaka arobaini na miwili. Ufa kwake ulikuwa lipu iliyokaushwa vibaya, au mchanga wenye chumvi, au mjomba amekasirika huko aliko. Haikumjia kwamba ufa unaweza kuwa na sababu iliyo chini zaidi ya lipu. Na dada alikuwa anangoja. Kila Jumanne alikuwa amevaa vizuri, amefagia, na amesimama katikati ya sebule akionyesha kwa kidole: "Pale. Na pale. Na kale kadogo juu ya dirisha, usidhani sijakaona."

Huko shimoni, pampu sita zilikuwa zinavuta maji mchana kutwa ili mafundi wafanye kazi pakavu. Maji yaliyokuwa yakivutwa ndiyo yaliyokuwa yameubeba udongo wa mtaa wetu tangu enzi na enzi. Hakuna aliyetuambia hivyo; kwenye kipeperushi cha mradi pampu ziliitwa "huduma ya ukavu."

Kioo cha pili kilikatika baada ya wiki mbili. Cha tatu kilikatika baada ya siku nne, na hicho ndicho kilichomtoa Msasa usingizini.

Dada alikuwa amekwenda kliniki ya presha. Msasa alikuwa peke yake sebuleni, kisu mkononi, akibandua vipande, alipohisi kitu kwenye kiganja. Ukuta ulikuwa laini kama siku zote. Lakini haukuwa mahali pake. Hakujua alijuaje. Mkono uliopapasa ukuta mmoja kwa miaka arobaini na miwili una kumbukumbu yake wenyewe, na mkono ukamwambia, kaka, tumesogea. Akatoa timazi kwenye mfuko wa kazi, ule uzi wenye jiwe la risasi, akautundika juu kabisa ya ukuta na kuuachia. Juu, uzi uligusa ukuta. Chini, kati ya uzi na ukuta, vidole vyake viwili viliingia bila kubanwa.

 Jiwe la timazi lilikuwa linatetemeka kidogo, taratibu, na hapakuwa na upepo.

Hapo alijua. Na hapo hasa ndipo alipotakiwa kutoka mbio. Badala yake alikunja uzi, akaurudisha mfukoni, akabandika kioo cha nne, akanakili tarehe. Wiki hiyo mtaa ulikuwa umetangazwa Mtaa wa Mfano: nyumba kumi na nne, wiki kumi, hakuna kioo hata kimoja kilichoripotiwa. Kipeperushi kipya kilikuwa na picha ya dada amesimama mbele ya ukuta wake, ameinua kidevu, na maneno "Reli inapita, nyumba inabaki." Dada aliigawa picha hiyo kwa kila aliyepumua. Aliipeleka mpaka kliniki. Msasa angeanzia wapi? Angemwambia nini mwanamke aliyemlea, kwamba ukuta wake maarufu ni mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa anaupaka poda? Akajikaza kisabuni. Akasema atangoja kidogo. Mita 210.

Kidogo kikaisha, akaongeza kingine.

"Msasa," kinyozi akamwita siku moja kutoka mlangoni, "hebu nieleze. Kiti changu nakifunga breki, mteja naanza kumnyoa akitazama barabara, namaliza anatazama choo. Hii ni biashara au ni treni?"

"Sakafu yako haikusawazishwa."

"Nani aliisawazisha?"

"Mimi."

"Basi ni treni."

Wateja wakacheka. Msasa akacheka nao, lakini alipofika nyumbani kwa dada alivuta kiti na kukiweka karibu na mlango, na tangu siku hiyo chai aliinywea hapo.

Milango ikaanza kukataa kufunga. Mama wa duka la dawa, upande wa pili wa barabara, alisema chupa zake zinahama rafu zenyewe, zinasogea ukingoni kama kuku wanaochungulia. Asubuhi, ukiweka kikombe cha maji mezani, uso wa maji ulikuwa na mikunjo midogo isiyotulia. Msasa alipita nyumba kwa nyumba akiziba. Akaziba juu ya alipoziba. Mita 140, mita 90. Ujirani Mwema wakamwongezea mifuko. Kioo cha saba kilikaa siku mbili, cha tisa kilikaa saa sita. Cha kumi na kimoja kilikatika akiwa bado amekishikilia kwa kidole gumba, gundi haijakauka, na kikamkata. Alitazama damu ikishuka kwenye lipu nyeupe, akatoa leso haraka akaifuta. Ukutani kwanza. Kidole baadaye.

Siku hiyo alikwenda ofisini. Bi Maoni alimpokea kwa tabasamu na soda.

"Nataka kubadilisha vipimo," Msasa alisema.

"Vipimo si sisi, mzee wangu. Vipimo ni mlango ule."

Mlango ule ulisema marekebisho ya fomu hufanywa kwa fomu ya marekebisho, isainiwe na mpimaji wa mtaa na kuthibitishwa na mwakilishi wa mtaa. Wote wawili walikuwa yeye. Akasaini mara mbili. Wakamshukuru kwa ushirikiano. Itashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi. Alipotoka, mchoraji alikuwa juu ya ngazi anabadilisha namba. Mita 25. Mtambo ulikuwa unakula mita kumi na moja kwa siku.

Mkutano wa Kumpokea Mama Mkwe ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi. Mita 3. Kulikuwa na muziki, fulana mpya, na viti vile vile. Dada alikaa safu ya mbele. Baada ya mkutano wageni wakubwa wa mradi walikuwa wapelekwe kwake kupiga picha na ukuta. Kila baada ya muda soda mezani zilitoa mlio mdogo, chupa ikigusa chupa, ti-ti-ti, na watu walitazamana na kucheka. Bi Maoni alipouliza kama kuna mwenye la kusema, Msasa alisimama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Vioo vilikuwa vinavunjika," alisema. "Mimi nilikuwa nabadilisha. Kwa dada peke yake kumi na kimoja. Nyufa nimeziziba zote kwa mkono wangu. Ndugu zangu, nyumba zinakwenda."

Ukumbi ukanyamaza. Ukimya ule ungeweza kuwaokoa watu, kama kinyozi angekuwa na likizo.

"Zinakwenda wapi, Msasa?" akauliza. "Zikifika zitupigie simu!"

Wakapasuka kwa kicheko. Msasa alikuwa mcheshi wa mtaa miaka mingi mno. Hakuna aliyejua uso wake ukoje asipotania. "Msasa hana mpinzani!" mtu akapaza sauti. Bi Maoni, akicheka machozi, akaandika karatasi ya njano na kuibandika. Msasa akaisoma akiwa amesimama: *Jamii inaomba vioo zaidi.*

Mtu mmoja tu hakucheka. Dada aligeuka kwenye kiti chake.

"Kaa chini," alisema kwa sauti ya chini. "Unaniaibisha mbele ya wageni."

Halafu akanyanyuka, akaenda nyumbani kuwaandalia wageni hao hao.

Msasa alimfuata. Alimkuta jikoni, gesi inawaka, chungu kiko juu, vikombe vyema vimepangwa kwenye trei. Vikombe vilikuwa vinaimba.

"Dada, toka nje."

"Nikitoka nani atamwaga maji kwenye majani?"

"Dada, nakuomba. Kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mdogo."

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa huniombi, ulikuwa unalia. Shika hiyo trei."

Msasa hakuishika trei. Alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa nyundo. Dada alimwona akipita nayo, akaacha kijiko.

"Unakwenda wapi na hiyo? Wewe! Usithubutu. Usithubutu kuugusa ukuta wangu!"

Alipiga. Alipiga katikati ya sebule, pale pale picha ya kipeperushi ilipopigwa, kwa nguvu zote za mkono uliozoea kusugua. Lipu ya miaka arobaini na miwili ilianguka kwa kipande kimoja, kama sahani. Nyuma yake palikuwa na tabaka za uji mweupe, Jumanne juu ya Jumanne, na alipozigonga nazo zikaporomokea ndani. Si chini. Ndani. Palibaki mdomo mweusi kutoka sakafuni hadi darini. Akaingiza vidole, kiganja, kifundo. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na bado hakugusa kitu. Kutoka humo ulikuja upepo wa baridi wenye harufu ya udongo mbichi na grisi, na pamoja na upepo sauti: kitu kinasaga, bila haraka, kama mtu mwenye meno mengi anayetafuna akiwa na siku nzima mbele yake.

Dada hakupiga kelele.

"Toa mkono wako humo," alisema.

Akaingia jikoni akazima gesi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha moto ukiwaka. Akachukua dawa zake za presha, akavaa viatu vyake vya kutokea, akatoka. Hakufunga mlango. Kama angejaribu, usingefunga.

Msasa akaenda kwa kinyozi, ambaye alikuwa amerudi kuchukua mashine zake za kunyolea ili apigwe nazo picha, akapiga ukuta kabla hata hajasalimia.

"Umerukwa na akili, mzee? Huo ni ukuta wa mtu! Nitakushitaki, mbwa we, nitakushi..." Kinyozi akasogea karibu. Alichungulia kwenye ufa, na akaona mwanga wa uwanja wa nyuma. Akaendelea kutukana, matusi yale yale kwa mpangilio ule ule, lakini sasa akiwa amekumbatia kiti chake na kukiburuta barabarani. Nyumba ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mahali ilikuwa hivyo: walimpokea kwa laana na kumsindikiza kwa laana, ila walipomsindikiza walikuwa wamebeba magodoro. Hakuna aliyecheka tena. Kufikia saa sita na nusu mtaa mzima ulikuwa barabarani na Msasa alikuwa mweupe kwa vumbi kutoka utosini, kope zimeganda, kama mzimu wa kazi zake mwenyewe.

Mhandisi wa mradi alikuja akikimbia, mwanamume mwembamba mwenye miwani, na Bi Maoni nyuma yake, kwa mara ya kwanza bila tabasamu. Mhandisi aliingia kwa dada, akaingiza mkono kwenye ufa, akautoa polepole. Akafungua kishikwambi chake.

"Hapa pameandikwa vioo vizima," alisema. "Wiki kumi na tatu mfululizo."

"Vilikuwa vizima nilipoandika," Msasa alijibu.

Mhandisi akafunga kishikwambi. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali angemtukana. Akapiga simu. Watu walimwona akisema "simamisha," kisha akasikiliza, kisha akafumba macho. Aliposhusha simu hakuwatazama usoni.

"Mtambo hauwezi kusimama," alisema. "Pale ulipo udongo ni mlegevu. Ukisimama, udongo wote utamiminika mbele yake, na barabara hii itakwenda pia. Ni lazima upite." Akanyoosha kidole barabarani. "Tuuache upite. Sogeeni mpaka duka la dawa. Na pale sogeeni tena."

Kwa hiyo wakangoja. Ni jambo la ajabu kungoja kitu kinachopita chini ya miguu. Hakuna pa kutazama. Watu mia mbili waliovaa fulana mpya walisimama kwenye jua la mchana wakiitazama lami. Mtoto alipolia, mama yake alimziba mdomo, kana kwamba kule chini wangesikia. Mbwa walikuwa wameondoka zamani, na hakuna aliyekumbuka kuwaona wakiondoka. Saa tisa mtetemo ulipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye magoti. Saa tisa na nusu mama wa duka la dawa alisikia chupa zake zikianza kudondoka, moja moja, na hakwenda kuziokota.

Saa kumi na robo nyumba ya dada ilikaa. Haikulipuka, haikupiga kishindo. Ilikaa tu, kama mzee aliyechoka ambaye amekuwa akitafuta kiti tangu asubuhi. Paa lilishuka kwa usawa, likasita, likashuka tena. Vumbi likapanda taratibu, jeupe na laini kweli kweli. Kibanda cha kinyozi kilipoteza mgongo. Nyumba nyingine zilibaki zimesimama, nyufa wazi, na hakuna aliyeamini kusimama kwazo. Kisha mtetemo ukashuka magotini, ukarudi kwenye nyayo, ukaenda zake kuelekea stesheni.

Hakufa mtu. Bi Maoni alilisema hilo mara tatu, akitafuta wa kumsikiliza.

Dada alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya barabara, mkoba mapajani. Msasa alimwendea. Alitaka kupiga magoti, akaona haya, akabaki ameinama nusu.

"Ulijua tangu lini?" dada akauliza. Alikuwa anatazama vumbi.

Angeweza kusema tangu leo. Nani angepinga? "Tangu kioo cha tatu."

"Cha tatu kilikuwa lini?"

"Siku uliyokwenda kliniki. Nilipima kwa timazi."

Dada akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Kitanda changu kiko nyuma ya ukuta ule. Nimelala pale siku kumi na tisa, na wewe ulikuwa unakuja kila siku kunywa chai yangu."

"Nilikuwa naogopa, dada."

"Uliogopa nini? Ulikuwa unakaa wapi?"

Msasa hakumwelewa, kisha akaelewa, na dada aliyemlea tangu akiwa na miaka sita aliuona uso wake ukielewa.

"Karibu na mlango," alijibu.

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa ameikadiria. Akainuka kwenye kiti, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akawageukia majirani.

"Nani ana nafasi kwake?" akauliza kwa sauti ya kawaida. "Sina mizigo."

Mikono ikainuka. Mama wa duka la dawa, kinyozi, Bi Maoni, hata mhandisi. Msasa naye akainua wake, mweupe hadi begani, akaushikilia juu. Dada aliipitia mikono yote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na alipofika kwenye wa Msasa macho yake yakapita kama yanavyopita mahali pasipo na kitu. Akachagua wa kinyozi.

"Nyumbani kwangu kuna watoto sita na kelele," kinyozi akamwonya.

"Afadhali," alisema dada. "Ukuta ukisogea, tutasikia."